TV mpya haina rangi, sabufa inavuma tu. Nimpe fundi aondoke nayo?

Mwanangu fundi, salamu nyingi kutoka Mikindani.

Mimi ni mama mtu mzima mwenye wajukuu, na mambo ya mitambo sikuzaliwa nayo. Mwaka huu mzee wangu alipouza korosho tulimtumia hela kijana wetu wa Dar, aongezee na zake atununulie TV, maana chogo letu lilishafika mahali haliwaki mpaka ulipige kofi. Akanunua TV ya flati, sabufa yenye spika zake mbili ndogo, na deki. Akavipakia kwenye basi, vikafika salama, kioo hakina hata mkwaruzo. Ila ndani ya boksi kulikuwa na mfuko mzima wa nyaya, na mfuko huo ndio umeniletea maneno ndani ya nyumba.

Aliyeunga ni mjukuu wangu wa kidato cha pili. King'amuzi ni kile kile cha dishi tulichotumia na chogo. Kina waya wa vichwa vitatu: njano, nyeupe na nyekundu. Kwenye TV mpya tundu la njano halipo. Kuna kijani, bluu na nyekundu, halafu nyeupe na nyekundu nyingine. Mjukuu akasema njano na kijani ni ndugu, akachomeka njano kwenye kijani, na nyekundu akaiweka kwenye ile iliyo jirani na bluu. Picha ikaja, lakini haina rangi hata moja. Mpira unachezwa, hujui nani Simba nani Yanga. Na sauti inatoka upande mmoja wa TV, upande wa pili kimya.

Sabufa ndiyo balaa lenyewe. Alichukua waya wa vichwa viwili, akachomoa ule wa king'amuzi kwenye nyeupe na nyekundu za TV, akaweka wa sabufa. Sabufa ikavuma tu, mmmmm, kama kuna nyuki ndani. Nyuma ya sabufa nako kuna nyekundu na nyeupe chungu nzima. Akawa anajaribu moja moja huku umeme umewaka, ikapiga paaa mpaka paka akatoka mbio. Nikamwambia basi, acha. Deki bado iko kwenye boksi lake, anasema matundu yamekwisha.

Nikamwita fundi wa mtaani. Ameitazama TV kwa mbele, hakufungua hata skrubu, akasema bodi ya rangi imekufa. Anataka aondoke nayo ikakae kwake wiki nzima, na nimpe elfu themanini. Mzee amekasirika, anasema irudi Dar na basi lile lile lililoileta. Kijana naye kila nikipiga simu ananiambia, "Mama, soma palipoandikwa OUT." Nisome vipi, mwanangu, miwani yenyewe ni ya kusomea msahafu, na nyuma ya TV kuna giza.

Ijumaa ya wiki ijayo wenzangu wa kikoba wanakuja kwangu kuangalia DVD ya harusi ya binti yangu. Ngoma ile bila sabufa haijawa ngoma. Nifanyeje? Nimpe fundi, niirudishe Dar, au kuna jambo hatulijui?

Ni mimi mama yako,
Mikindani, Mtwara

Jibu

Shikamoo mama, na hongera kwa harusi ya binti.

TV isitoke ndani. Isiende kwa fundi, na kwenye basi isipande kabisa. Kioo cha flati hakisafirishwi kwa kulazwa chini ya mizigo. Ikiwa ilifika salama mara ya kwanza, mshukuru Mungu, usimjaribu mara ya pili katika safari ya zaidi ya kilometa 500.

Kwanza naomba uchukue rimoti ya TV yenyewe, si ya king'amuzi, ubonyeze MENU au HOME. Tazama orodha inayotokea kwenye kioo. Kama ina rangi, hata kidogo, bluu ya kuonyesha ulipo au vialama vyekundu na kijani, TV yako ni nzima. Menyu ile haitoki kwenye king'amuzi. Inachorwa na bodi ile ile ambayo fundi anasema imekufa, na inapita kwenye kioo kile kile. Bodi ingekuwa haitoi rangi, na menyu isingekuwa na rangi. Kuna TV ambazo menyu yake yote ni ya kijivu na haisaidii kitu. Hapo chomeka flashi yenye picha za harusi pembeni ya TV. Kanga zikionekana na rangi zake, umepata jibu, na hukutoa hata shilingi. Fanya jaribio hili fundi akiwepo, bila kumgombeza. Mwache aone mwenyewe.

Mimi nina hakika rangi itakuwepo, kwa sababu ulivyoeleza tatizo umenipa jibu tayari. Ni hilo tundu la kijani.

Na mjukuu wako usimlaumu. Aliposema njano na kijani ni ndugu alikuwa sahihi, na wengi wenye umri wake wangeshindwa kulijua hilo. Kwenye TV nyingi za sasa tundu la kijani lina kazi mbili. Ukimulika na tochi ya simu utaona pembeni pameandikwa VIDEO pamoja na herufi Y, au duara lake ni nusu kijani nusu njano. Kazi ya kwanza ni kupokea waya wa njano, ule unaobeba picha yote peke yake, mwanga na rangi zikiwa zimechanganywa humo humo. Kazi ya pili ni ya nyaya tatu: kijani hubeba mwanga na giza, na habari za rangi zinakuja kwa bluu na kwa ile nyekundu jirani yake. Sasa TV yenu imewekwa kwenye hiyo kazi ya pili. Inasoma mwanga kwenye kijani, inakwenda kutafuta rangi kwenye bluu na nyekundu, haikuti rangi huko, basi inawaonyesha ilichokipata. Ndiyo maana Simba na Yanga wamefanana.

Dawa iko kwenye rimoti. Bonyeza SOURCE, au INPUT kwenye rimoti nyingine. Itatokea orodha: TV, AV, Component, HDMI 1, HDMI 2. Nyinyi mko kwenye Component, ndiyo ile kazi ya nyaya tatu. Shuka au panda mpaka AV, bonyeza OK, na rangi zitakuja hapo hapo. Zikigoma, ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, sehemu ya picha, uangalie kama pameandikwa PAL au NTSC, ambayo ni mifumo miwili ya kupanga rangi za picha. Kwetu Tanzania tunatumia PAL. King'amuzi kikipelekwa NTSC na mtoto aliyekuwa anachezea rimoti, picha nayo inaweza kupoteza rangi au kupandapanda.

Sauti ya upande mmoja ni ile nyekundu. Nyuma ya TV zipo nyekundu mbili, na mjukuu kaingia kwa jirani. Nyekundu iliyo na bluu na kijani ni ya picha. Nyekundu iliyo na nyeupe ni ya sauti, upande wa kulia, na nyeupe ni kushoto. Aihamishe tu. Hakuna kilichoungua hapo.

Sasa sabufa, na hapa naomba uvumilivu kidogo, maana ndipo nyumba nyingi zinapokwama. Kila tundu nyuma ya mtambo lina kazi moja kati ya mbili, kutoa au kupokea. Panapotoa pameandikwa OUT, panapopokea pameandikwa IN. Rangi haikwambii hilo. Rangi inakwambia tu aina ya kinachopita, na nyekundu ya kutoa inafanana kabisa na nyekundu ya kupokea. King'amuzi na deki vinatoa. Sabufa inapokea. TV ndiyo inayowachanganya watu, kwa sababu inapokea huku na kutoa kule. Matundu yake ya sauti, nyeupe na nyekundu iliyo jirani nayo, ni ya kupokea. Mjukuu alipotoa waya hapo akaupeleka kwenye sabufa, ambayo nayo inapokea, ikawa kama watu wawili wameshika simu, wote wanasikiliza, hakuna anayeongea. Huo mvumo mlioupata si sauti ya TV. Ni sabufa inakuza takataka za umeme zilizodakwa na waya usio na habari yoyote ndani yake.

Kijana wako wa Dar, kwa hiyo, anasema kweli. Tatizo ni kwamba anasema kwa simu. Mwambie mjukuu apige picha nyuma ya TV na nyuma ya sabufa, amtumie mjomba wake kwa WhatsApp. Picha moja itamaliza simu za wiki nzima, na wewe miwani yako ibaki na msahafu.

Kwenye TV yenu mtafute sauti inatokea wapi. Mara nyingi ni tundu dogo la duara lenye alama ya hedifoni, au limeandikwa AUDIO OUT. Hilo ndilo rahisi kuliko yote. Mnahitaji waya wenye pini moja kama ya earphone upande mmoja, na vichwa viwili, nyekundu na nyeupe, upande wa pili. Wauza vifaa vya simu wanao, na huenda umo humo kwenye mfuko wenu. Pini iwe na mistari miwili myeusi. Ukiona mistari mitatu, huo ni waya wa aina nyingine, wa kupitisha na picha, na ukiutumia hapa unaweza kupata sauti yenye kelele au ya upande mmoja. Pini iingie kwenye tundu la hedifoni la TV, vichwa viingie kwenye sabufa palipoandikwa AUX IN au AUDIO IN. TV nyingi zikishachomekwa hapo zinanyamazisha spika zake zenyewe, msishtuke. Sauti ya TV iwekeni juu kidogo ya nusu, kisha pandisheni ya sabufa taratibu kutoka chini.

Uzuri wa njia hii ni kwamba kila kinachoonekana kwenye TV kinasikika kwenye sabufa, iwe king'amuzi, deki au flashi. Hamtachomoa waya tena.

Kama tundu la hedifoni halipo, na kuna TV hazina, msikate tamaa. Huenda pana tundu la mraba lenye kifuniko kidogo, limeandikwa OPTICAL, na TV ikiwaka unaona taa nyekundu ndani yake. Sauti inatoka hapo kwa njia ya mwanga. Sabufa za kawaida hazina pa kuupokea, kwa hiyo unanunua kiboksi kidogo cha kubadilisha mwanga huo uwe sauti ya nyekundu na nyeupe, halafu kwenye mipangilio ya sauti ya TV unachagua PCM. Usipochagua, kiboksi kinaweza kukaa kimya au kukoroma. Mtaona pia tundu moja la HDMI limeandikwa ARC. Hilo lina uwezo wa kurudisha sauti kutoka kwenye TV, ni mpango ulioanza na toleo la HDMI la mwaka 2009, ila unafanya kazi pale tu ambapo na sabufa ina HDMI yenye ARC. Ya kwenu kwa maelezo yako haina, liacheni. Na bluetooth? Kwa muziki wa simu ni sawa kabisa. Kwa DVD ya harusi mtakereka, mpiga ngoma anapiga, mlio unafuata nyuma.

Deki isikae kwenye boksi. Matundu hayajaisha, king'amuzi ndicho kimekalia kiti kisicho chake. Geuza king'amuzi, tafuta tundu bapa, pana kuliko la flashi, pembe zake mbili za chini zimekatwa mshazari. Hilo ni HDMI. Waya wake una vipini 19 ndani na unabeba picha na sauti kwa pamoja, kwa hiyo njano, nyeupe na nyekundu zote zinapumzika. Chomeka king'amuzi hapo, upande wa pili HDMI 1 ya TV, SOURCE weka HDMI 1. Kama king'amuzi ni cha HD utashangaa picha ilivyokuwa imefungwa na waya wa njano muda wote huu. Ule waya ulitutosha kwenye chogo. Kwenye kioo kikubwa unaonyesha ukungu.

Ukienda kununua waya wa HDMI utaambiwa upo wa bei ya chini na upo wa dhahabu, na wa dhahabu una picha kali zaidi. Usikubali. Kinachopita mle ni tarakimu. Zikifika zote, picha ni ile ile. Zisipofika utaona nyota zinametameta kwenye kioo, au picha inakata na kurudi. Kwa king'amuzi kilicho chini ya TV, mita moja na nusu inatosha. Angalia tu kichwa kisiwe kimelegea, na usinunue mita kumi ukazikunja nyuma ya kabati.

Ikiwa king'amuzi ni cha kale sana na hakina HDMI, kiacheni kwenye njano, na mwangalie kama deki inayo. Nyingi za sasa zinayo.

Tukichukulia kwamba king'amuzi kimehamia HDMI, deki inarithi matundu: njano kwenye kijani, nyeupe kwenye nyeupe, nyekundu kwenye nyekundu ya sauti. Mkitaka harusi mnaweka SOURCE kwenye AV, mkitaka taarifa ya habari mnarudi HDMI 1. Picha ya deki ikija bila rangi au inakimbia, tafuta kwenye rimoti ya deki kitufe cha P/N, yaani cha kubadilisha PAL na NTSC, bonyeza mara moja usubiri. Na kabla ya Ijumaa mpeleke mjukuu mahali wanapochapa na kudurufu, wakuhamishie DVD ile kwenye flashi. Diski za harusi zinakwaruzika, na mgeni mmoja akiishika na vidole vya sambusa imekwisha hiyo.

Turudi kwenye ile paaa. Hiyo sikuifurahia. Nyuma ya sabufa nyingi za bei ya kawaida, spika ndogo nazo zinaingia kwa vichwa vya nyekundu na nyeupe vilevile, umbo lile lile. Lakini matundu yale ni ya kutoa, na yanachotoa ni umeme wa kusukuma spika, mkubwa kuliko king'amuzi au TV inavyoweza kustahimili. Ukiunganisha tundu la spika na tundu la TV unaweza kweli kuua bodi, na hapo fundi atakuwa na haki na elfu themanini zake. Palipoandikwa SPEAKER, FL, FR au SW OUT ni pa spika peke yake. Waya kutoka kwenye TV uende palipoandikwa INPUT, AUX au DVD. Mjukuu akate vipande vya plasta ya karatasi, aandike kwa kalamu, abandike juu ya kila tundu. Hata wewe utasoma.

Na hakuna kuunga umeme ukiwa umewaka. Zimeni vyote, chomoeni plagi kwenye soketi, ungeni, halafu ndipo muwashe, sabufa ikiwa ya mwisho na sauti yake ikiwa chini kabisa. Ukishika bati la nyuma la king'amuzi ukahisi kama vidole vinasisimka, ni umeme mdogo unaovuja kwenye mitambo ya aina hiyo, na ndio unaoua matundu ya HDMI watu wanapochomeka vitu vikiwa vimewaka.

Mvumo ukibaki hata baada ya kuunga sawasawa, chomoeni waya wa sauti nyuma ya sabufa. Ukiendelea, ni ugonjwa wa sabufa yenyewe, hiyo mpelekeeni fundi. Ukikata, unaingia kwa njia ya nyaya. Zimeni kila kitu, fungueni waya wa dishi kwenye king'amuzi, washeni tena. Mvumo ukiwa umepotea, unashuka na waya wa dishi. Vinginevyo tenganisheni waya wa sauti na nyaya za umeme, maana najua zimefungwa pamoja na raba ili zionekane nadhifu, na pelekeni mitambo yote kwenye soketi moja. Ekstensheni moja nzuri inatosha. Plagi yetu ya pini tatu ni ya ampea 13, kwa umeme wa volti 230 inakaribia wati 3,000, na TV, king'amuzi, deki na sabufa ya nyumbani havifiki hata karibu. Pasi na birika la umeme ndivyo visichomekwe hapo. Sabufa ikiwa na plagi ya pini mbili, nawaomba msisukume kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili iingie. Adapta ni bei ndogo.

Kwa wenzangu wa pwani, kuanzia Mikindani mpaka Lindi na Kilwa, kuna adui mwingine ambaye kitabu cha maelekezo hakimtaji. Ni upepo wa chumvi. Baada ya muda vichwa vya nyaya vinaota ukijani, sauti inaanza kukwaruza, picha inakatika ukigusa waya. Kabla ya kusema mtambo umekufa, zima, chomoa, futa kichwa cha waya kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, kikauke, rudisha. TV isitazamane na dirisha la baharini. Na mvua za huku kusini zikianza mnamo Desemba, radi ikinguruma usichomoe plagi tu, fungua na waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Watu huchomoa umeme wakaliacha dishi limeunganishwa, kesho yake wanashangaa HDMI haifanyi kazi.

Huo waya wa dishi, mwambie mjukuu, uingie king'amuzi tu, palipoandikwa LNB IN. Kwenye TV lipo tundu la antena linalofanana nalo. Si lake. King'amuzi kinapandisha volti 13 au 18 juu kwenye dishi kupitia waya huo huo, na TV haihusiki na biashara hiyo.

Amebaki fundi wa mtaani. Usimfukuze, mama, utamhitaji. Chogo lenu na king'amuzi hicho vimekaa pamoja miaka, maana yake hata kichwa cha waya kule juu kwenye dishi kimekula chumvi miaka hiyo hiyo, na siku moja mvua itanyesha picha igande. Kupanda juu, kukata waya ulioliwa, kuvalisha kichwa kipya na kukifunga mpira maji yasiingie ni kazi yake halali, wala si ya kumpa mtoto wa kidato cha pili. Mpe hiyo, na bei mpatane kabla hajaegemeza ngazi ukutani.